Apple Haijaishiwa Ubunifu, Imefungwa na iPhone

Kila Septemba Apple inapozindua simu mpya, lawama huwa ni zile zile: kamera imesogea kidogo, rangi imebadilika, simu imekuwa nyembamba, na basi. Wengi humalizia kwa kusema kwamba ubunifu wa kampuni ile ulizikwa pamoja na mwanzilishi mwenza wake, Steve Jobs, Oktoba 2011. Siafikiani nao. Mambo hayako shwari pale Cupertino, yaliko makao makuu ya Apple, hilo nalikubali, ila maneno hayo yanatutuma tukatafute ugonjwa mahali ambapo haupo. Kampuni iliyotengeneza chipu ya M1 haina upungufu wa vichwa, na kampuni iliyotumia dola bilioni 31.4 kwa utafiti na uendelezaji wa bidhaa katika mwaka wa fedha wa 2024 haina upungufu wa pesa. Kinachokosekana ni ruhusa ya kutengeneza kitu ambacho siku moja kitamfanya mteja aone hana haja tena ya iPhone.

Ruhusa ya aina hiyo iliwahi kuwepo. Katika mwaka wa fedha wa 2006 Apple iliingiza dola bilioni 19.3, na kati ya hizo bilioni 7.7 zilitoka kwenye iPod, yaani asilimia 40 hivi ya mapato yote. Kicheza muziki kile ndicho kilichoifikisha kampuni kwenye neema, baada ya kuwa hoi mwaka 1997 kiasi cha kupokea dola milioni 150 kutoka kwa Microsoft, hasimu wake wa miaka mingi. Mtu mwenye biashara ya namna hiyo angetarajiwa kuilinda kwa kila hali. Badala yake, Januari 2007 Jobs alipanda jukwaani San Francisco akatangaza simu ambayo ndani yake mna iPod nzima. Aliyenunua iPhone hakuwa na sababu ya kununua iPod tena, na waliokuwa ndani ya kampuni walilijua hilo. Walikuwa wameona simu za wengine zinaanza kucheza muziki, wakaamua kwamba kama iPod ni lazima ife, basi ife mikononi mwao. Mauzo yake yalifika kilele mwaka 2008, yakaanza kuteremka, na Mei 2022 Apple ikatangaza kwamba iPod touch, ya mwisho katika ukoo ule, itauzwa mpaka zilizobaki ghalani ziishe.

Sasa weka hesabu hizo kando ya zile za mwaka wa fedha wa 2024. Mapato yalikuwa dola bilioni 391, na iPhone peke yake ilileta bilioni 201.2, zaidi ya nusu. Hapo bado hujahesabu huduma, yaani App Store, iCloud, muziki na malipo kutoka Google, zilizoleta bilioni 96.2, nyingi zikiwa zimepitia mkononi mwa mtu mwenye iPhone. Bado pia hujahesabu saa na vipokea sauti vya masikioni vya AirPods, ambavyo vingi vinanunuliwa na watu ambao tayari wana simu hiyo. Ukiiondoa iPhone, vinavyobaki vikisimama kwa miguu yake ni Mac na iPad, ambavyo kwa pamoja havikufika hata bilioni 57. Kuua iPod kulihatarisha asilimia 40 ya kampuni ambayo bado ilikuwa na njaa. Kuigusa iPhone ni kuhatarisha karibu kampuni nzima, tena kampuni iliyoshiba, yenye wanahisa wanaohesabu gawio kila robo ya mwaka.

Hoja yangu ni kwamba kila uvumbuzi unaoilinda iPhone, Apple huupa muda, watu na subira ya ajabu. Uvumbuzi unaoweza kusimama bila iPhone hunyimwa hewa. Hakuna mtu anayekaa ofisini na kutoa amri hiyo. Inatokea yenyewe, katika maamuzi madogo madogo ya kila siku.

Chukua saa. Apple Watch iliingia sokoni Aprili 2015, na leo ni kifaa cha maana sana. Tangu 2018 inaweza kurekodi umeme wa moyo na kutambua mvaaji anapoanguka vibaya, ikapiga simu kuomba msaada. Wapo watu waliowahi hospitali kwa sababu ya onyo lililotoka mkononi. Tangu 2017 kuna matoleo yenye mawasiliano yake ya simu, yanayopiga na kupokea bila kutegemea simu iliyo karibu. Hata hivyo, saa hiyo huwezi kuiandaa kwa matumizi bila iPhone. Simu nyingi zaidi duniani ni za Android, na mwenye simu hizo, hata moyo wake uwe unamsumbua vipi, saa hiyo haimsaidii kitu.

Hapa ndipo historia inapouma. iPod nayo ilizaliwa mwaka 2001 ikiwa ya wenye kompyuta za Mac tu. Jobs mwenyewe alikuwa mbishi. Hakutaka kuwapa watu wa Windows kitu kizuri hivyo. Wasaidizi wake walimbana mpaka akalegea. Mwaka 2002 ikatoka iPod ya Windows, na Oktoba 2003 programu ya iTunes ikafuata. Katika mwaka wa fedha wa 2003 Apple iliuza iPod zisizofika milioni moja. Katika ule wa 2005 ziliuzwa zaidi ya milioni 22. Kuufungua mlango hakukuiua Mac. Watu wa Windows waliipenda iPod, wakaanza kuichungulia na kompyuta ya walioitengeneza. Saa haikupewa nafasi hiyo, na Wizara ya Sheria ya Marekani ilipoishtaki Apple Machi 2024 kwa kuhodhi soko, saa ilikuwa miongoni mwa mifano iliyotajwa.

Yapo pia maandishi ya wakubwa wenyewe. Nyaraka zilizoanikwa katika kesi ambayo Epic Games, kampuni ya michezo ya kompyuta, iliifungulia Apple zilionyesha kwamba mwaka 2013 viongozi wa Apple walijadili kuipeleka iMessage, huduma yao ya kutumiana ujumbe, kwenye Android. Craig Federighi, mkuu wa programu, aliandika kwamba kufanya hivyo kungeondoa tu kizuizi kinachozifanya familia za iPhone zisiwanunulie watoto wao simu za Android. Huyu ni mhandisi mwenye kipaji, kiongozi wa maelfu ya wahandisi wenye vipaji, na swali lililo mbele yake si kama huduma ile ingekuwa bora kwa watumiaji ikifika kila mahali. Swali ni kama uzio utabaki imara.

Ndani ya uzio, lakini, kazi inayofanyika ni ya kiwango cha juu, na anayelikataa hilo hajaitazama vizuri. Mwaka 2008 Apple ilinunua kampuni ndogo ya P.A. Semi kwa dola milioni 278. Mwaka 2010 ikatoa chipu ya A4. Mwaka 2013 A7 ikawashtua washindani kwa kuwa chipu ya kwanza ya biti 64 kwenye simujanja. Novemba 2020 ikaja M1, na kompyuta mpakato ya MacBook Air ikaanza kufanya kazi siku nzima bila hata feni, kimya kabisa, ikiziacha mbali kompyuta za Intel ilizochukua nafasi yake. Miaka kumi na miwili ya kujenga jiwe juu ya jiwe. Kwenye modemu, chipu inayoiunganisha simu na mtandao, subira ilikuwa ile ile: kitengo cha Intel kilinunuliwa mwaka 2019 kwa dola bilioni moja, na tunda la kwanza, C1, likaonekana Februari 2025 kwenye iPhone 16e. Hata AirPods Pro 2, ambazo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliziidhinisha Septemba 2024 zitumike kama kifaa cha kusaidia kusikia, ni uvumbuzi unaostahili sifa kuliko unavyopewa. Mtu mwenye usikivu hafifu anajipima mwenyewe nyumbani kwa dakika chache, bila foleni na bila aibu. Anajipimia kwenye iPhone, ndiyo. Kazi hizi zote zina mama mmoja.

Kama kuna kesi moja inayoonyesha gharama ya jambo hili, ni Siri, msaidizi wa sauti wa Apple, na hapa naomba tukae kidogo.

Siri haikuzaliwa Apple. Ilitoka kwenye taasisi ya utafiti ya SRI International huko California, ikiwa na mizizi katika mradi uliofadhiliwa na jeshi la Marekani. Februari 2010 ilitokea App Store kama programu ya kawaida ya kampuni changa. Ukiambiwa leo ilichoweza kufanya wakati ule, unaweza usiamini. Uliiambia unataka meza ya watu wawili kwenye mgahawa fulani usiku huo, nayo ikapitia OpenTable, huduma ya kuhifadhi meza, na kukutafutia nafasi. Uliiambia unataka teksi, ikaitafuta. Uliulizia filamu, ikakuletea kumbi, saa na tiketi. Wazo la waanzilishi wake lilikuwa kwamba mtu hapaswi kuhangaika na programu ishirini. Anasema anachotaka, na msaidizi anajua pa kwenda. Apple iliinunua miezi miwili baadaye, Aprili 2010.

Tarehe 4 Oktoba 2011 Siri ilitambulishwa upya ndani ya iPhone 4S, na Jobs akafariki siku iliyofuata. Siri hiyo mpya ilijua lugha zaidi na ilikaa vizuri zaidi ndani ya simu, lakini nyingi ya zile huduma za nje zilikuwa zimekatwa. Ikawa inaweka kengele ya kuamsha, inatuma ujumbe, inataja hali ya hewa, na ikishindwa inakupeleka kwenye mtandao ukajitafutie. Dag Kittlaus, mmoja wa waanzilishi, aliondoka mwezi huo huo. Adam Cheyer akafuata mwaka 2012. Wakaanzisha kampuni nyingine, Viv, kuendeleza wazo lile lile, na mwaka 2016 ikanunuliwa na Samsung. Ni mwaka huo huo ndipo Apple ilipowafungulia watengenezaji wa programu mlango wa kuitumia Siri, tena mwembamba: ujumbe, simu, malipo, usafiri, picha na mazoezi, basi. Wakati huo Alexa, msaidizi wa sauti wa Amazon, alikuwa ameshawafungulia watengenezaji tangu 2015.

Kwa nini iwe hivyo? Wengine watasema teknolojia ilikuwa bado changa, na ni kweli kiasi. Mimi naona jambo jingine. Msaidizi anayeweza kumaliza kazi yako bila kukufungulia programu yoyote anaifanya skrini ya programu isiwe na maana, na skrini ile ndiyo biashara yenyewe. App Store inatoza kamisheni hadi asilimia 30 kwa bidhaa za kidijitali zinazouzwa ndani ya programu. Mtengenezaji anapigania nafasi kwenye skrini ya nyumbani ya mteja. Thamani ya simu yenyewe inapimwa kwa wingi wa programu zake. Siri ile ya 2010 ingekomaa, ingeuliza swali gumu: kama ninasema tu na mambo yanatokea, kwa nini nishike kioo hiki, na kwa nini kiwe cha Apple? Hakuna aliyepanga kuidumaza. Ilitosha kwamba hakuna aliyekuwa na sababu ya kuikuza.

Matokeo yake tuliyaona baada ya Novemba 2022, ChatGPT ilipotoka na dunia nzima ikaanza kuzungumza na kompyuta. Apple, iliyokuwa na msaidizi wa sauti mfukoni mwa mamia ya mamilioni ya watu kwa zaidi ya miaka kumi, ilikutwa haina la kusema. Ushahidi mmoja haubishaniki. iPhone 15 iliingia sokoni Septemba 2023. Juni 2024, miezi tisa baadaye, Apple ikatangaza mkusanyiko wake wa akili mnemba, Apple Intelligence, na ikabainika kwamba iPhone 15 ya kawaida haiwezi kuutumia. Matoleo ya Pro ya mwaka ule yalikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 8 na chipu yenye nguvu zaidi. Ya kawaida yalikuwa na gigabaiti 6. Kampuni inayosifika kwa kupanga chipu zake miaka mingi mbele iliuza simu mpya kabisa isiyoweza kubeba kile ambacho ingekitangaza kabla ya mwaka kuisha. Waliokuwa wakichora simu ile hawakuiona akili mnemba ikija.

Kwenye utangazaji ule wa Juni 2024 walionyesha kitu kizuri sana. Mtangazaji aliiuliza Siri ndege ya mama yake inatua saa ngapi. Siri ikachambua barua pepe, ikaoanisha na taarifa za safari za ndege, ikajibu. Akauliza kuhusu mpango wa chakula cha mchana waliokuwa wameuzungumzia na mama huyo. Ikaupata kwenye jumbe zao. Huyo ndiye msaidizi ambaye kila mtu angemtaka. Matangazo ya biashara yakapigwa, simu za iPhone 16 zikauzwa kwa jina la Apple Intelligence, na Machi 2025 kampuni ikakiri kwamba Siri hiyo haiko tayari na itachelewa. Tangazo la televisheni likaondolewa. Siri ikahamishiwa kwa Mike Rockwell, aliyeongoza utengenezaji wa Vision Pro, kifaa cha Apple cha kuvaa usoni. John Giannandrea, aliyeletwa kutoka Google mwaka 2018 kuja kuiokoa akili mnemba ya Apple, akatangazwa Desemba 2025 kwamba anaachia ngazi. Na Januari 2026 Apple na Google zikatoa tamko la pamoja kwamba misingi ya akili mnemba ya Apple itajengwa juu ya Gemini, akili mnemba ya Google.

Lipo pia suala la utamaduni wa kazi. Apple imezoea kufanya kazi gizani na kufunua kitu kikiwa kimekamilika. Kwa simu na saa utaratibu huo umeleta ubora ambao wengine wanauonea wivu. Akili mnemba haikui hivyo. Inakua kwa kutoka nje ikiwa na makosa, kuzungumza na mamilioni ya watu, kurekebishwa usiku, kutoka tena asubuhi. Apple ilipojaribu njia hiyo ilijikwaa: mwishoni mwa 2024 muhtasari wa arifa za habari uliotengenezwa na simu ulilibandikia shirika la BBC kichwa cha habari cha uongo, kwamba mtuhumiwa wa mauaji amejipiga risasi. BBC ililalamika, na Januari 2025 huduma hiyo ikasitishwa kwa programu za habari. Kusitisha kulikuwa uamuzi sahihi. Ila timu iliyojifunza kuogopa kuonekana imekosea haiwezi kujifunza kwa kasi ya wale wanaokosea hadharani kila siku.

Haraka haraka haina baraka. Huo ndio utetezi wanaoutoa mashabiki wa Apple, na una uzito. iPod haikuwa kicheza muziki cha kwanza, iPhone haikuwa simujanja ya kwanza, wala saa yao haikuwa ya kwanza. Walikuja nyuma, wakatazama wengine wanakosea, wakafanya vizuri zaidi. Katika suala la mitambo wanaweza hata kuwa sahihi: mwaka wa fedha wa 2024 walitumia dola bilioni 9.4 hivi kwa uwekezaji wa majengo na vifaa, wakati Google na Meta kila moja ilitumia mara kadhaa ya kiasi hicho mwaka 2024, sehemu kubwa kwa vituo vya data. Kama wimbi la akili mnemba litapoa, Apple itaonekana ilikuwa na busara, nami sitaibeza kwa kutomwaga pesa. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kuchelewa kwa sababu unakitengeneza kitu vizuri, na kuchelewa kwa sababu kitu hicho hakina mlezi nyumbani. Siri ilikuwa mikononi mwao kabla ya Alexa, kabla ya msaidizi wa Google, kabla ya ChatGPT. Waliwahi mbele ya wote, kisha wakasubiri, na ngoja ngoja imewaumiza matumbo.

Vision Pro inaonyesha upande mwingine wa tatizo. Hapa Apple ilithubutu kweli. Kifaa kile, kilichoanza kuuzwa Marekani tarehe 2 Februari 2024 kwa dola 3,499, kina skrini mbili zenye jumla ya nukta zaidi ya milioni 23, na unakiendesha kwa kutazama tu na kugusanisha vidole. Anayekijaribu kwa mara ya kwanza hushangaa jinsi macho yake yanavyogeuka kuwa kishale. Kisha anaanza kuhisi gramu 600 na zaidi zikimlemea usoni, na waya unaoshuka mpaka mfukoni kwenye betri inayodumu saa mbili hivi. Kioo cha mbele kimetengenezwa kwa gharama ili walio nje waone taswira ya macho ya mvaaji, jambo ambalo mvaaji mwenyewe halioni.

Uzito na bei vitapungua siku moja, kwa hiyo havinitishi. Kilichonitisha ni kwamba siku kifaa kinaingia sokoni, Netflix, YouTube na Spotify hawakukitengenezea programu. Kifaa ambacho kivutio chake kikubwa ni kutazama video kilianza maisha bila sehemu mbili watu wanakotazama video kuliko kwingine. Kila kampuni ilikuwa na sababu zake, lakini naamini uhusiano mbaya uliojengwa kwa miaka juu ya kamisheni ulichangia. Spotify ilikuwa katikati ya mgogoro na Apple, na mwezi mmoja tu baadaye, Machi 2024, Umoja wa Ulaya uliipiga Apple faini ya euro bilioni 1.8 kutokana na malalamiko hayo. iPhone ilipofunguliwa App Store mwaka 2008, watengenezaji walikimbilia kwa furaha. Ukiwakamua watengenezaji kwa miaka kumi na tano, usishangae wakikutazama tu unapowahitaji kujaza kifaa kipya.

Na nguvu zinazotumika kuulinda ukamuaji huo ni nguvu za ubunifu pia. Katika hukumu ya Aprili 2025, kwenye kesi ile ile ya Epic Games, Jaji Yvonne Gonzalez Rogers alikuta Apple ilikaidi kwa makusudi amri yake ya 2021 iliyowataka waruhusu watengenezaji kuwaelekeza wateja kwenye malipo ya nje. Apple ilikuwa imeruhusu, kisha ikaweka kamisheni ya asilimia 27 na onyo kwenye skrini. Hukumu inaeleza jinsi wafanyakazi walivyokaa kuchagua maneno ya onyo hilo. Mmoja aliona maneno “tovuti ya nje” yanafaa kwa sababu yanatisha, na wakubwa watayapenda. Nimeisoma sehemu hiyo kwa masikitiko. Hawa ni wabunifu wa maonyesho ya skrini walio bora kuliko karibu wote duniani, wamekaa kikaoni kutafuta namna ya kumtia mteja wao woga.

Gari ambalo Apple ilitaka kulitengeneza halihitaji maneno mengi. Mradi ulioanza mwaka 2014 hivi ulibadilishwa viongozi na malengo mara kadhaa, ukafungwa Februari 2024 bila umma kuona hata tairi moja. Kujaribu na kushindwa hakuna ubaya. Ila linganisha na pesa zinazorudi kwa wanahisa: katika mwaka huo wa fedha Apple ilitumia karibu dola bilioni 95 kununua hisa zake yenyewe, mara tatu ya zilizotumika kwenye utafiti. Huko ni kusema kimyakimya kwamba mahali bora pa kuweka dola inayofuata ni kwenye Apple ile ile iliyopo leo.

Soko halijawaadhibu. Baada ya miaka mitatu ya mapato kusimama, 2022 hadi 2024, mwaka wa fedha wa 2025 ulipanda hadi dola bilioni 416 hivi, na iPhone ikafanya vizuri. Hilo ndilo linalonipa wasiwasi zaidi, kwa kuwa mauzo mazuri yanawapa wanaotaka mambo yabaki yalivyo hoja isiyojibika kikaoni. Mei 2025 Eddy Cue, mkuu wa huduma wa Apple, akitoa ushahidi katika kesi ya Google mjini Washington, alisema kwamba miaka kumi ijayo huenda mtu asihitaji iPhone. Alikuwa pale kama shahidi katika kesi iliyohusu malipo ambayo Google huilipa Apple ili iwe injini ya utafutaji ya kwanza kwenye Safari, kivinjari cha Apple, malipo yaliyofika dola bilioni 20 mwaka 2022. Mwezi huo huo OpenAI ilitangaza kununua kampuni ya vifaa ya Jony Ive, mtu aliyeichora iPhone na kuondoka Apple mwaka 2019, kwa takriban dola bilioni 6.5. Anayejua vizuri kuliko wote jinsi simu ile inavyoshikika mkononi sasa analipwa kufikiria kifaa kingine.

Apple ina uwezo wa kulijibu hili, na ningependa kuona ikilijibu kwa jambo ambalo linaweza kupimwa. Ichague timu moja, iipe bajeti isiyopitia mlangoni kwa mkuu wa iPhone, na iiruhusu kuuza kifaa chake kwa mtu mwenye simu yoyote ile. Saa ndiyo ya kuanzia, maana iko tayari na ina mawasiliano yake yenyewe. Siku saa hiyo itakapowashwa na mtu asiye na iPhone ndipo nitaamini kwamba mle ndani kuna mwenye mamlaka ya kusema ndiyo kwa kitu kipya.